Yule jamaa wa chumba cha CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, mnamjua. Leo kanimaliza!

Wana Mwanza, simtaji. Aliyewahi kupiga CT hapa mjini anamjua: miwani kichwani, chai mkononi, anaita wagonjwa kama kondakta wa Buhongwa.

Nimempeleka mzee wangu, moyo umetanuka, vidonge anavyomeza ni gunia. Wakasema atachomwa dawa ya kung'arisha picha. Nikauliza kwa adabu: kaka, kwa mtu wa moyo haina shida? Jamaa akaligeukia benchi lote: "Mzee katoka Ukerewe, kavuka ziwa hajafa, atakufa na kisindano?"

Benchi likaangua kicheko. Mlinzi kacheka. Kitoto kichanga nacho naapa kilicheka.

KAVUKA ZIWA HAJAFA! Mbele ya mzee! Figo hakuuliza, aleji hakuuliza, dawa za sukari hakuuliza. Kauliza risiti. Na mzee anatabasamu, anadhani kasifiwa!

Sato_Choma: Pole mkuu. Picha ilipigwa au mlisusa?

Mleta uzi: Ilipigwa. Mzee alisikia joto mwili mzima, akadhani kajikojolea. Hakuambiwa! Ila hilo la kavuka ziwa...

Nesi_Mstaafu: Joto hilo ni la kawaida, linapita haraka. Swali lako lilikuwa halali. Dawa ya CT ina iodini, hutolewa na figo, na mwenye moyo uliochoka huulizwa kwanza. Dawa ya eko, yaani ultrasound ya moyo, ni nyingine, vipovu vya gesi: Marekani waliibandika onyo kali 2007, wakalegeza masharti 2008. Kwa dawa zote mbili, madhara makubwa mengi hutokea ndani ya nusu saa. Mlikalishwa muda huo?

Mleta uzi: Wapi! "Anayefuata!"

Furu_Mkavu: Mimi dawa hiyo ya CT walininyima kisa aleji ya samaki.

Nesi_Mstaafu: Aleji ya samaki ni ya protini, iodini haihusiki.

Furu_Mkavu: Kumbe nimenyimwa bure??

Sato_Choma: Aleji ya samaki na unaishi Mwanza? Hamia Dodoma 😂

Mtu_wa_Ukara: Sisi tuliozika 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama, utani wa kuvuka ziwa hatuuchekei.

Mleta uzi: Asante! Mwambieni!

Jiwe_la_Bismarck: Mnalilia sindano, huku Nyegezi bomba limekauka na ziwa tunaliona dirishani.

Mama_Dagaa: Nyegezi mnadeka. Njooni Igoma.

Mleta uzi: Jamani, mada ni mzee wangu.

Jiwe_la_Bismarck: Igoma dumu shilingi ngapi sasa hivi?