Amri Kumi darasani Texas: nataka kuanza kitu mtaani, nianzie wapi?

MamaNeema:
Wadau habari za leo. Niko Texas, kitongoji karibu na Dallas, mwaka wa tisa sasa. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, nimepata kipaimara, kwaya naimba mpaka leo, nasema mapema mtu asije kuniita mpinga Kristo. Septemba 2025 binti yangu alirudi akasema mama wametundika Amri Kumi darasani. Nikaenda kuona mwenyewe. Bango la inchi 16 kwa 20 kama sheria inavyotaka, Kiingereza kile cha zamani cha thou shalt not, na amri ya sanamu imo inajitegemea, wakati sisi kwenye Katekisimo ya Luther tulikariri kumi bila hiyo. Yaani jimbo limeshachagua Amri Kumi za dhehebu gani. Jirani yangu ni Mzanzibari, watoto wetu wanapanda basi moja, mwanae kamuuliza, mama hii ni shule ya kina Neema au yetu wote? Hilo swali limeninyima usingizi. Uraia bado sina, nina grini kadi tu. Nataka kuanza kitu mtaani cha kupinga hili, naanzaje?

mzee_wa_Kakamega:
Pole sana dada. Mimi ni Mbaptisti na nakwambia hiyo si kuasi. Wabaptisti wa Danbury, Connecticut ndio waliomwandikia Rais Jefferson mwaka 1801 wakilia kwamba kwenye jimbo lao uhuru wa kuabudu wanapewa kama hisani tu, si haki, na yeye Januari 1802 akawajibu kuhusu ukuta kati ya kanisa na serikali. Hata leo BJC, shirika la Wabaptisti, wana kampeni tangu 2019 ya Wakristo wanaopinga huu utaifa wa Kikristo, yaani kutaka serikali iipendelee dini ya Kikristo, na anayeiongoza, Amanda Tyler, ni mtu wa huko huko Texas. Tamko lao liko mtandaoni, lisome na wawili watatu unaowaamini kanisani kabla hujamwendea mchungaji, usimvamie na jambo zito mlangoni baada ya ibada.

Shangazi_Houston:
Mama Neema achana na Washington, wewe kamata bodi ya shule. Mambo yanapita pale watu wakiwa wamelala. Sheria ya 2023 ya kuweka makapelani, yaani viongozi wa dini wanaohudumu kwenye taasisi, mashuleni ililazimisha kila bodi ipige kura, makapelani zaidi ya 100 wa hapa Texas wakasaini barua ya kuikataa, na wazazi wakaenda kuongea. Ya 2025 ya kipindi cha sala na Biblia nayo bodi ziliachiwa zipige kura, mwisho 1 Machi 2026. Sasa tafuta ajenda ya kikao kwenye tovuti ya wilaya ya shule, jiandikishe kuongea, wanakupa dakika chache, usianze kubishana Biblia, simulia tu lile swali la mtoto wa jirani. Na nenda NA jirani, mkae kiti kwa kiti. Ila jamani mtu asikusajili kupiga kura kabla ya uraia, hata akikuchekea vipi, utaharibu makaratasi yako yote. Kuongea kikaoni ni sawa, kura hapana.

kijana_wa_Bwana:
Mimi sielewi, usiue usiibe ina ubaya gani kwa mtoto?

MamaNeema:
Mdogo wangu haina ubaya hata kidogo, nyumbani kwangu tunazisoma. Ila nimekulia Moshi tukienda Idi kwa majirani na wao wakija Krismasi, na hakuna mwalimu aliyewahi kumfanya Mwislamu aone darasa si lake. Imani yangu haihitaji gavana aitundike ukutani.

Shangazi, mzee, asanteni mno. Nimeongea na jirani, Jumamosi anakuja na dada mmoja Mkongo, Mkatoliki, nitapika pilau ya nyama halali iliyonunuliwa kwa Msomali ili wote tule. Kikao ni Jumatatu ya pili ya mwezi saa moja jioni. Nimeshajiandikisha, naandika ya kusema, mwenye kujua kupanga maneno ya dakika mbili anisaidie.