Vidonge vya manjano na pilipili manga kwa aliyeumia uti wa mgongo, kweli au tunaliwa?

mdogo_wa_mkwezi
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Kaka yangu ni mkwezi huku Pangani, mwaka jana aliteleza mnazini akaangukia mgongo, akalazwa hospitali ya Bombo, picha ikaonyesha pingili imevunjika imebana mishipa ya fahamu na mpaka leo kuanzia kiunoni kushuka hasikii kitu. Sasa kuna jamaa Ngamiani anatuuzia vidonge vya manjano na pilipili manga, laki na nusu chupa, anasema wazungu washathibitisha vinatoa uvimbe kwenye uti na miguu inarudi. Mama keshaanza kuwaangalia mbuzi wake kwa jicho la kuuza. Kaka anameza pia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, maana damu iliganda mguuni, na kabamazepini ya yale maumivu ya kuungua. Tununue?

Maabara_Chumbageni
Pole sana. Huyo jamaa kachukua ukweli nusu. Uti ukiumia, pigo la kwanza ni lile la kuanguka, halafu ndani ya masaa kinga ya mwili inavamia pale na kuanza kuua hata seli zilizosalimika, hilo ndo pigo la pili na ndo watafiti wanalolifukuzia. Kukumini ya kwenye manjano imepunguza hayo madhara kwa panya na wengine walitembea vizuri zaidi, ila panya wale wanaumizwa maabara na wanapewa dawa mapema mno, mara nyingi siku hiyohiyo. Kaka yako ana mwaka. Hata methylprednisolone, steroidi ya kutuliza uvimbe iliyovuma 1990, ilikuwa ya kuwahi ndani ya masaa 8 na mpaka leo madaktari wanabishania faida yake.
Na dozi je? Kuna panya walipewa miligramu 100 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 ni gramu 6 za kukumini, na manjano ina kukumini kama asilimia 3 tu, yaani gramu 200 za unga kila siku, nani anameza?

viungo_vya_Amani
Mkuu dozi ya panya haihamishwi hivo, unagawanya kwa kama 6 kwanza. Mie nalima pilipili manga na hilo la pilipili si uongo, Wahindi walipima 1998, piperini, ile kemikali ya kwenye pilipili manga, ikapandisha kukumini kwenye damu kwa asilimia 2000. Msiponde kila kitu cha shambani jamani.

Maabara_Chumbageni
Sawa gawanya, bado ni gramu 30 na kitu za unga. Na hiyo piperini ndo inayonitisha, inafanya hivo kwa kuzuia ini na utumbo kuvunja dawa, kwa hiyo kabamazepini nayo inaweza kupanda. Manjano ya vidonge juu ya warfarini ni kutafuta kuvuja damu. Na kuna watu ini limeumia kwa vidonge hivohivo.

mdogo_wa_mkwezi
Duh. Basi hiyo hela bora ikae. Manjano ya kwenye mchuzi je, aache?

fizio_Makorora
Ya mchuzi ale tu mpenzi. Hiyo laki na nusu tafuta mto mzuri wa kukalia, maana wagonjwa wetu wanafariki kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo kuliko kitu kingine. Kitandani ageuzwe kila masaa mawili, akiwa kwenye kiti ajiinue kwa mikono mara kwa mara, mpira wa mkojo usishikwe na mikono isiyonawa. Kila jioni mkague kitakoni, nyonga na visigino, na usisubiri wekundu, kwa ngozi yetu hauonekani vizuri, pitisha mgongo wa kiganja, ukikuta pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni asilalie hapo mpaka parudi kawaida, na kama pamechubuka mpeleke kesho yake asubuhi.