Naomba ushauri: Rubondo kuona sokwe wakati wa vuli

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Niko Kirumba, Mwanza. Novemba nataka kumpeleka mama Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, tukafuatilie sokwe kwa miguu na mwongozaji, wale wa ukoo wa sokwe walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Mama ni mtu mzima, anatembea vizuri, ila goti linamsumbua kwenye mteremko, na ziwa likichafuka anashika ubao wa boti kwa mikono miwili hadi tufike. Mawakala wa safari wanapingana: mmoja anasema vuli njia zinateleza, mwingine anasema hakuna shida. Natamani sana awaone akiwa bado na nguvu.

Mliowahi kwenda msimu huo, goti bovu litamudu? Na tuvukie Nkome au Kasenda, wapi kuna nafuu ya mawimbi?