Ulinganisho: mtangazaji peke yake, wawili na "kala komenteta", au watatu? Tunarusha ndondo laivu

KijanaWaMabibo
Wakuu habari za jioni. Ndondo ya mtaani kwetu imefika nusu fainali na tumekubaliana mechi zilizobaki tuzirushe laivu YouTube, kamera moja tunaipandisha juu ya paa la jirani, maiki tunazo mbili. Mabishano yamebaki nani akae kwenye maiki. Kuna jamaa anafuatilia sana michezo ya Marekani, yeye anasema lazima tuwe na "plei bai plei" na "kala komenteta", wengine wanasema mtu mmoja mwenye pumzi anatosha, na kuna kundi linataka watatu wapokezane. Naomba mnieleze hao Wamarekani wanamaanisha nini hasa na kwa mpira wetu wa mchangani kipi kinafaa. Mimi nataka mtu akiwa kwenye daladala, picha imeganda kwa ajili ya mtandao, bado aufuate mpira kwa masikio.

FundiRedio
Mkuu, plei bai plei ndiyo huyu tunayemwita mtangazaji, kazi yake tukio kwa tukio: nani ana mpira, yuko wapi, anampa nani, dakika ya ngapi, ngapi ngapi. Kala komenteta anakaa pembeni yake, hafuati mpira, yeye anaeleza kwa nini beki kachelewa, kocha kabadilisha nini, huyu winga alitokea wapi, anaweka stori na utamu. Huku kwetu tunamwita mchambuzi basi. Wamarekani kiti hicho mara nyingi wanampa mchezaji mstaafu au kocha, kama John Madden, kocha wa futiboli ya Kimarekani, aliwapa timu ya Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl, fainali yao kubwa, ya Januari 1977, akaacha ukocha akaingia kwenye utangazaji, akawa anachora mistari juu ya picha kuonyesha nani kamzuia nani, na pembeni yake kwa miaka mingi alikaa Pat Summerall ambaye alikuwa mtu wa maneno machache sana, ndiyo maana walielewana.

Ila uangalie mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani mpira unachezwa sekunde chache unasimama, timu zinajipanga upya, kwa hiyo mchambuzi ana nafasi yake kila baada ya tukio. Beziboli ndiyo kabisa. Mpira wetu unatiririka dakika 45, ukiubeba utaratibu wao mzimamzima mchambuzi atakula nafasi ya mtangazaji na goli litaingia watu wanasikia habari za usajili.

BintiKijitonyama
Mimi napiga kura kwa wawili, tena bila kusita. Mtu mmoja dakika tisini anachoka na akichoka anaanza kurudia maneno yaleyale. Waingereza wanaweka wawili na mpira wao unatiririka hivyohivyo, shida ni nidhamu tu. Kaangalieni lile goli la Agüero la Mei 2012, Man City na QPR, mtangazaji Martin Tyler kalivuta lile jina mpaka mwisho halafu akanyamaza, uwanja ukaongea wenyewe, na mchambuzi Alan Smith aliyekuwa pembeni yake hakuingilia. Mchambuzi anayejua kukaa kimya ni mtu wa thamani sana jamani.

Mtu_wa_Temeke
Dada nakuheshimu lakini hiyo ni televisheni, mtu anaona. Kijana kasema anataka mtu wa kwenye daladala afuate kwa masikio, hiyo ni redio hata kama jina lake YouTube. Sisi tuliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa tunawasikiliza kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, ukifumba macho unajua mpira uko upande gani, kona inapigwa kutoka wapi, kipa kasimama wapi, nyumba nzima imekaa kimya inasikiliza. Ile sauti ndiyo iliyotufanya tuupende mpira kabla hata hatujaingia uwanjani. Hata Waingereza walipoanza mwaka 1927, ile mechi ya raga ya Twickenham, mtangazaji wao Wakelam aliwekewa mtu kipofu mbele ya kibanda ili amsimulie yeye. Huo ndio utangazaji. Mtu mmoja, macho mawili, asiyeona anaona. Hao wachambuzi wa siku hizi wengi wanapiga stori tu.

FundiRedio
Mzee wangu umegusa penyewe, na naongezea. Wiki moja baadaye, Januari 22 mwaka huohuo, BBC wakatangaza mpira wa miguu kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United pale Highbury, ikaisha 1-1. Gazeti la Radio Times lilichapa mchoro wa uwanja umegawanywa visanduku vyenye namba, msikilizaji anauweka mapajani, Wakelam anatangaza na mwenzake anataja namba ya kisanduku mpira ulipo. Yaani mtu wa pili alikuwepo toka siku ya kwanza ila hakuchambua chochote, alikuwa anakuonyesha mahali tu.

Kwa hiyo Kijana, hapo ndipo pa kwenu. Uwanja wenu hauna jukwaa kuu wala jukwaa la mashabiki lakini una msikiti upande mmoja, barabara upande wa pili, mti wa mwembe nyuma ya goli, kila mtu wa Mabibo anavijua. Mtu akisikia "anapandisha upande wa msikitini" kaona tayari.

KijanaWaMabibo
Aisee hiyo ya msikiti na barabara nimeipenda sana. Na kuna kitu kingine, jezi za ndondo hazina majina na namba nyingine zimefutika, wengine wameazimana jezi. Mtangazaji wetu sauti anayo lakini wachezaji wa timu pinzani hawajui.

BintiKijitonyama
Sasa si umeona? Huyo ndiyo mtu wa pili unayemhitaji. Tafuta mchezaji wa zamani wa hapohapo mtaani anayewajua vijana kwa sura na kwa majina ya utani, maana ndondo watu wanaitana a.k.a. tu, jina la shule hakuna anayelijua. Huyo anamtajia mtangazaji "huyo ni fulani, mguu wa kushoto, mwaka jana alicheza beki". Hapo mtu wa nyumbani atafurahi.

kocha_mstaafu
Watatu achaneni nao. Wamarekani waliwaweka watatu kwenye Monday Night Football, matangazo ya TV ya futiboli yao ya Jumatatu usiku, ilipoanza 1970 na ilipendwa, lakini kama alivyosema Fundi, wao wana nafasi za kusimama. BBC redioni huwa wanakuwa na watangazaji wawili wanaopokezana kipindi na mchambuzi pembeni, ila wale wamefanya kazi hiyo maisha yao yote, nyie mna maiki mbili na jua la saa kumi. Na kutokuwa na mtangazaji kabisa nako kulijaribiwa, Desemba 20, 1980, kituo cha TV cha NBC huko Marekani walirusha mechi ya futiboli ya Jets na Dolphins bila mtu wa kutangaza, sauti za uwanja na maandishi kwenye skrini. Kwa mtu wa daladala hiyo haimsaidii kitu.

Ushauri wangu wa kazi: mpira ukivuka mstari wa kati mchambuzi anafunga mdomo hata kama sentensi haijaisha. Anaingia kwenye faulo, mpira wa kurusha, mtu kaumia, refa anapanga ukuta. Na mtangazaji akimgusa goti, anakata hapohapo. Wafanye mazoezi kwenye mechi ya watoto ya asubuhi kabla ya nusu fainali.

Mtu_wa_Temeke
Hapo kwenye mstari wa kati nimekubali. Wakifuata hivyo wawekeni wawili. Ila ngapi ngapi itajwe mara kwa mara, kila baada ya dakika chache, mtu anayeingia katikati asianze kuuliza kwenye komenti.

KijanaWaMabibo
Nimewaelewa wakuu, tunaenda na wawili, namtafuta yule kaka aliyekuwa kipa wetu, anamjua kila mtu. Nusu fainali Jumamosi saa kumi jioni, linki nitaiweka hapa.

FundiRedio
Sawa kaka. Maiki zifunikeni sponji, juu ya paa upepo utawamaliza, na spika ya matangazo ya uwanjani igeuzwe isiangalie upande wenu la sivyo itapiga mluzi mechi nzima.