Kabla hujampandisha mtoto farasi hapa Arusha, inua kwanza kitambaa cha chini ya tandiko

Wakuu salaam.

Hili jambo nimekaa nalo siku nane nikisema nipoe kwanza ndiyo niandike. Sijapoa. Kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Jina la sehemu siweki. Msinifuate chemba kuuliza ni Njiro, Kisongo au Usa, siwaambii, hela ya wakili sina. Ila mwenye farasi zake akipita hapa atajijua mwenyewe.

Iko hivi. Binti yangu ametimiza miaka 9 mwezi huu wa Julai. Tangu aone farasi wa polisi kwenye taarifa ya habari, nyumbani hatupumui. Mti wa fagio ni farasi, mkono wa kochi ni farasi, mdogo wake wa miaka 6 ndiyo kabisa, hashuki mgongoni kwake. Mama yao akaona ukurasa mmoja Instagram: farasi wanang'aa kama wamepakwa mafuta, watoto wanacheka, na nyuma Mlima Meru hauna wingu hata moja. (Meru haina wingu, Julai! Hapo tu ningeshtuka.) Tukawasiliana WhatsApp. Majibu matamu: elfu hamsini kila mtoto, saa nzima, mnatoka mpaka mashamba ya kahawa na kurudi, njooni Jumamosi saa nne asubuhi.

Saa nne kasorobo tuko getini. Getini kuna kiingilio, elfu tano kila kichwa, na mimi na mama watoto ambao hatupandi kitu nasi ni vichwa. Elfu ishirini imeondoka, na WhatsApp hawakuitaja. Nikalipa. Sikutaka siku ya mtoto ianze kwa ugomvi.

Mezani tukamkuta dada mmoja ana karatasi ya bei iliyofunikwa plastiki. Ananionyesha kwa kidole: thelathini. Thelathini nini, dada? "Dola, kaka." Ndipo ninaambiwa ile elfu hamsini ni ya kuzungushwa uani na kamba, robo saa. Ya kwenda kwenye kahawa ni dola thelathini kila mtoto, na kiwango cha kubadilishia wamejipangia wenyewe, kimeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Nikamwambia tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei za huduma kwa fedha za kigeni humu nchini. Akanitazama kama mtu aliyesomewa shairi. Nikamwonyesha mazungumzo ya WhatsApp. Akasema hayo aliandika mtu mwingine, na huyo mtu ameacha kazi.

Watoto wameshaona farasi kwa mbali, wanarukaruka. Mzazi mwenzangu unaijua hiyo hali, hapo unatekwa. Nikatoa laki moja, uani na kamba, basi. Risiti? Kikaratasi cha mkono. Mashine ya EFD imeharibika tangu jana. Mashine za mji huu nazo zina ugonjwa wa kuharibika kila ifikapo wikiendi.

Kisha tukasubiri. Miadi saa nne, mtoto kapanda saa sita na dakika kumi. Manyunyu yanashuka, viti vitatu vya plastiki kwa familia tano, na choo nisikizungumzie maana wengine mko mezani. Kuna mama alikuja na wanawe kutoka Moshi, ameshakaa pale tangu saa tatu. Akaondoka bila kupanda, na elfu hamsini zake wakamwambia zinabaki "kama akiba" hadi atakaporudi. Nauli ya kuifuata hiyo akiba nani atamlipa?

Ila kukaa sana kuna faida yake, unaona mambo. Alikuja jamaa mmoja kibonge, mtu wa kilo mia na ushee kwa jicho langu. Wakampa kifarasi chembamba, kifupi, na wakaleta ngazi ya kupandia. Wanaojua hawa wanyama wana hesabu yao: mzigo, pamoja na tandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400 mwisho wake 80. Pale hakuna mizani, hakuna aliyeuliza uzito, na yule mnyama alipokaliwa miguu ya nyuma ilikunja kidogo kama meza mbovu. Jamaa akapiga selfi, na wale wa mezani wakapiga makofi.

Ikafika zamu yetu. Kwanza karatasi mbili za kusaini, za Kiingereza mwanzo mwisho. Mke wangu akauliza kama ipo ya Kiswahili. "Ni kawaida tu mama, saini hapo chini." Akasaini. Kofia ngumu ya mtoto ilikuwa saizi ya mtu mzima, inamfunika nyusi, na kamba ya kidevuni haina kishikizo, wamefunga fundo.

Farasi wenyewe anaitwa Radi. Wa kahawia, ana mstari mweupe usoni, na juu ya macho pamebonyea. Mbavu unazihesabu ukiwa mbali.

Sasa hapa nijiseme mwenyewe kabla hamjanisema. Mimi nimekulia Monduli. Maji ya nyumbani yalikuja na punda, na marehemu babu alikuwa na sheria moja tu: kabla hujapakia, pitisha mkono mgongoni. Mtoto akimpakia punda mwenye kidonda, fimbo ya siku hiyo ni ya mtoto. Basi mimi, mtu mzima na akili zangu, nilimwona Radi anageuza kichwa na kulaza masikio nyuma wakati tandiko linakazwa, nikajiambia ni baridi. Mkono sikuupitisha. Nilikuwa natafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

Hatua kumi. Labda kumi na mbili. Tandiko likaanza kuhamia upande wa kushoto, taratibu, mtoto bado amelikalia anacheka. Nikapiga kelele. Chalii aliyeshika kamba alikuwa anaangalia mbele. Likazunguka lote likaingia chini ya tumbo, binti akaenda nalo, akatua kwa mkono wa kushoto, na mguu mmoja umebaki kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia.

Radi hakukimbia. Alisimama palepale, anatetemeka ngozi nzima, mtoto yuko kati ya miguu yake minne. Angekimbia leo nisingekuwa naandika malalamiko, mngekuwa mnanipa pole.

Nilipomtoa mtoto nikamkabidhi mama yake, ndipo nikageuka. Tandiko liko chini ya tumbo, mgongo uko wazi, na kile kitambaa hakikudondoka. Kimenata. Chini yake wameweka kipande cha sponji ya godoro, na sponji imegandamana na kidonda. Chalii alipoivuta ikatoka na usaha na nywele. Upana wa kisahani cha chai, katikati nyama nyekundu, na ile harufu mnaifahamu mliowahi kufuga. Pembeni yake kuna mabaka ya nywele nyeupe kwenye ngozi ya kahawia. Hizo si rangi ya kuzaliwa. Ni makovu ya vidonda vilivyopita, nywele huota nyeupe mahali tandiko lilipochubua. Yaani siyo mara ya kwanza.

Na mshipi wa tumbo? Upande mmoja kishikizo hakipo. Wameungia kipande cha mpira wa tyubu, uleule ambao bodaboda wanafungia kreti za soda. Hata ungekuwa mzima, farasi ana ujanja wake: ukimfunga anajaza pumzi, akitembea kidogo tumbo linarudi na mshipi unalegea. Ndiyo maana mwenye kazi yake humtembeza kwanza, akakaza upya, halafu ndiyo mtu apande. Radi walimtoa yule kibonge mgongoni, wakakaza mara moja na kumpandisha mwanangu hapohapo, bila kumtembeza na kukaza upya.

Meneja akaja, mzee wa buti na jaketi safi. Nilitegemea pole. Akasema: "Mtoto alimshtua farasi."

Mtoto amekaa juu kama picha, kamshtuaje? Akahamia kwenye karatasi: mlisaini. Nikamvuta mkono nikamwonyesha kidonda. Akasema ni wadudu, farasi wa nchi hii wote wako hivyo.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na watu wakajaa. Wadudu wapo, sikatai. Ndorobo wanaleta nagana (malale ya mifugo), na kuna visubi wa usiku wanaoleta ule ugonjwa wenyewe wa farasi ambao unaweza kumuua mnyama ndani ya siku chache, na hiyo ni sababu mojawapo farasi ni wa kuhesabika huku kwetu. Lakini nionyesheni mdudu anayeuma kwa umbo la tandiko. Hakujibu. Akatoa ofa: turudi siku nyingine tupande bure.

Hela hawakurudisha, hata ya mdogo wake ambaye hakupanda kabisa. Ikishaingia haitoki, ndiyo utaratibu wao. Mkono tukaupiga picha hospitali, namshukuru Mungu haujavunjika, umeteguka kifundo, wamefunga bendeji. Gharama zangu. Jioni nikaandika maoni kwenye ukurasa wao pamoja na picha ya kidonda. Dakika ishirini hayapo, na mimi nimefungiwa.

Kuna watakaokuja hapa na "mnatafuta mambo ya wazungu, acha mlie". Sawa, chekeni. Ila jirani yangu alipeleka wanawe sehemu nyingine humuhumu mkoani, wakapimwa kilo kabla ya kupewa mnyama, kofia zinawaenea, na farasi mmoja akakataliwa kutoka kwa sababu ana kwato inauma. Akalipa zaidi yangu, na hajuti. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Na yule chalii wa kamba msimlaumu sana. Tulipokuwa tunatoka alitukimbilia getini: "Shikamoo mzee, nisamehe. Huyu tulisema apumzike, ila Jumamosi wageni wanakuwa wengi." Mengine aliyoniambia siyaweki, yatamponza, na nadhani analipwa kwa kichwa.

Kwa wanaoniuliza nitafanya nini: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na kumtumikisha mnyama mwenye kidonda wazi haihitaji mwanasheria kukuambia kwamba ni kosa. Nimeandika barua nikaambatanisha picha sita, ile ya mpira wa tyubu, ya sponji, na kile kikaratasi cha laki moja kisicho na namba ya mlipa kodi. Imepokelewa Jumatano. Binti yeye haulizi habari za mkono wake. Jana usiku kauliza kama Radi wamempaka dawa, nikamwambia ndiyo, na hapo nimemdanganya mtoto kwa sababu ya watu wale.

Sasa naomba msaada wenu. Kama kuna aliyepita pale wiki hii, sehemu yenye viti vitatu vya plastiki na bei kwenye boksi, aseme tu: yule wa kahawia mwenye mstari mweupe usoni bado anapandishwa watu? Mwenye picha yenye tarehe ainitumie, hiyo chemba naipokea.