Noeli ya ibada: King's, Praetorius, Price au Navidad Nuestra?

Mtunza_Santuri: Wakuu, tulinganishe rekodi za Noeli zenye maneno ya ibada, za theluji na kengele za farasi tuziache. Nimebaki na nne: kwaya ya King's College, Cambridge, enzi za mwongozaji David Willcocks, Mass for Christmas Morning ya mtunzi Mjerumani Praetorius chini ya mwongozaji Paul McCreesh, A Christmas Offering ya mwimbaji Leontyne Price na mwongozaji wa okestra Karajan (1961), hii nikiihesabu upande wa nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, na Navidad Nuestra ya Ariel Ramírez, mtunzi wa Argentina. Matumizi ni mawili: kusikiliza usiku wa mkesha, na kufundishia kwaya ya sauti nne. Ipi itangulie?

besi_ya_pili: Kwa kufundishia, King's bila kusita. Willcocks aliongoza pale 1957 hadi 1974, na ile sauti ya juu inayopaa juu ya wimbo kwenye ubeti wa mwisho ameiandika yeye. Nyingi za sauti hizo zimo katika kitabu cha noti Carols for Choirs (1961), aliyoihariri na Reginald Jacques, kwa hiyo kwaya inasikiliza huku imeshika noti zilezile mkononi.

Ila msiige mwendo wao. Mwangwi wa kanisa lile hubeba kila noti sekunde kadhaa, ndiyo maana wanaweza kwenda taratibu. Kwenye ukumbi usio na mwangwi mwendo uleule unaburuza, ongezeni kidogo.

Sikilizeni sana Once in Royal David's City, unaofungua ibada yao ya mkesha, ya masomo tisa ya Biblia na nyimbo, tangu 1919. Ubeti wa kwanza ni mvulana mmoja peke yake, wa pili kwaya bila kinanda, halafu wa tatu kinanda kinaingia na watu wote. Kwaya ikiwa imeshuka hata robo toni, hapo ndipo inaumbuka. Zoezi: toeni noti, imbeni beti mbili kavu, kisha gusa kinanda. Wakishuka, chanzo mara nyingi ni sauti ya pili (alto) na ya tatu (tena) kuimba noti zinazojirudia kivivu, kila moja chini kidogo ya iliyotangulia.

Santuri78: Mtunza, hiyo ya Price usiinunue kwa kutafuta nyimbo za kiroho. Ni sauti ya opera na okestra ya Vienna Philharmonic. Nzuri mno, lakini ni kitu kingine. Na tahadhari kwa albamu zote: Sweet Little Jesus Boy, unaodhaniwa ni wimbo wa watumwa, uliandikwa na Robert MacGimsey, Mmarekani mweupe, mwaka 1934.

Za kiroho zinazosimulia kuzaliwa kwa Yesu si nyingi kama watu wanavyodhani. Zipo Go Tell It on the Mountain, Mary Had a Baby, Rise Up, Shepherd, and Follow na chache nyingine. Anza na Christmas Spirituals ya Odetta (1960): haina okestra ya kufunika maneno.

Ukitaka mzizi wenyewe, tafuta wanaume wanne wa Fisk, chuo kikuu cha Wamarekani Weusi, waliorekodiwa na kampuni ya Victor mwaka 1909 wakiongozwa na John Wesley Work Jr., huyohuyo tunayemshukuru kwa kuuhifadhi Go Tell It on the Mountain. Haina Noeli ndani, na sauti yake ni nyembamba kwa sababu kabla ya 1925 watu waliimba mbele ya pembe ya kunasa sauti, si maikrofoni. Besi haisikiki vizuri; usidhani uimbaji wao ulikuwa hivyo.

besi_ya_pili: Mbona matoleo mawili ya rekodi ileile ya zamani hutofautiana ufunguo?

Santuri78: Mwendo wa sahani. Tunaziita za mizunguko 78 kwa dakika, ila nyingi za miaka ile hazikukatwa kwenye 78 kamili. Ukikosea kwa asilimia 6, wimbo unahama nusu toni. Pia kimbia toleo lililosafishwa kupita kiasi: mikwaruzo ikifutwa yote, s na f huondoka nayo, na waimbaji wanakuwa kama wako chini ya maji.

Tena_Mkongwe: Navidad Nuestra isidharauliwe. Nyimbo sita kwa maneno ya Félix Luna, kuanzia malaika kwa Maria hadi kukimbilia Misri, upande wa pili wa santuri ya Misa Criolla, misa ya Ramírez huyohuyo. Chukua ya kundi la Los Fronterizos kwanza. Ya mwimbaji wa opera José Carreras ifuate, kwa sababu sauti yake iliyofunzwa inalainisha midundo ambayo ndiyo uhai wa kazi hii. Karibu kila wimbo una mtindo wa ngoma wa eneo fulani la Argentina. La Peregrinación ni wa mtindo wa huella: mapigo mawili na matatu yanapishana ndani ya kipimo kimoja cha muziki. Mwongozaji akipiga mbili na kwaya ikavutwa na tatu, wimbo unakatika vipande. Wapige makofi ya tatu huku miguu ikienda mbili, kabla ya kutamka neno. Na bombo, ile ngoma kubwa, ikae nyuma ya kwaya, la sivyo itameza besi.

Mtunza_Santuri: Price naiondoa, Odetta anaingia. Na Praetorius?

Tena_Mkongwe: Hiyo ndiyo ya mkesha. McCreesh aliijenga upya kama ibada ya Kilutheri ya asubuhi ya Krismasi ya mwaka 1620 hivi, akairekodi katika kanisa kuu la Roskilde, Denmark, na umati unaimba kama waumini. Waimbaji wametawanywa, kwa hiyo spika moja ya simu inaiua. Tumia mbili zilizoachana, au za masikioni. Zima uchezaji wa kuchanganya na uondoe mapengo kati ya nyimbo. Usawazishaji wa sauti uwe wa albamu nzima: ukiwa wa wimbo mmoja mmoja, mchungaji anayeimba peke yake atavuma sawa na tarumbeta za In dulci jubilo.

besi_ya_pili: Kwa King's nako, hesabu masomo kwenye jalada kabla ya kulipa. Yasipofika tisa, umeuziwa mkusanyo wa nyimbo, si ibada.