Nipaue kwa geji 28 au 30? Saruji inaanza kuganda, naombeni ushauri

Mama wa Zamu:
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 4 nipo kijijini. Nyumba za kupanga huku hakuna. Watu wanajenga za kuishi wenyewe, hawajengi za biashara, kwa hiyo mtumishi mgeni anapewa chumba cha uani kilichokuwa stoo. Changu kinavuja pembeni mwa dirisha. Nimeweka beseni, mvua ikikolea naamka usiku kulimwaga. Kodi ni ndogo, wala siilalamikii. Ila hata ningekuwa na uwezo wa kulipa mara 3 ya hii, sina pa kuhamia.

Nimeamua kujenga: vyumba 2, sebule na choo cha ndani. Msingi umekwisha, saruji ninayo mifuko 45. Naomba mnisaidie mambo mawili. Bati nichukue geji 28 au 30? Na saruji ikikaa muda gani inaharibika? Nimebonyeza baadhi ya mifuko, pembe zake zimekuwa ngumu kama ukingo wa meza.

Fundi Kimya:
28 ni nene kuliko 30. Namba ikipanda unene unashuka, wengi wanaelewa kinyume. Kama uko sehemu ya wazi yenye upepo, chukua 28. Saruji itumie ndani ya miezi 3. Chukua bonge ulifinye: likisagika kwa vidole, bado itafaa kwa kazi ndogondogo. Lisiposagika, usiitie kwenye lenta wala nguzo hata ukibembelezwa. Mifuko umeipanga juu ya mbao au sakafuni?

Mama wa Zamu:
Sakafuni, imeegemea ukuta.

Fundi Kimya:
Basi jibu unalo.

Jicho la Tatu:
Bati si tatizo lako, dada. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba makazi yasile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Wewe unasema kodi yako ni ndogo. Kaa hapo, weka akiba, jenga ukikaribia kustaafu. Kukimbilia kujenga ndiko kunakotufilisi.

Mjukuu wa Mkulima:
@Jicho la Tatu hicho kipimo kimetungwa na mtu anayepokea mshahara kila mwezi. Kijijini hela inakuja kwa msimu. Miezi 2 uko chini ya asilimia 30, miezi 10 unatafuta hiyo 30 ni ya kitu gani. Halafu kodi kuwa ndogo haina maana kwamba makazi ni nafuu. Beseni chini ya dirisha nalo ni gharama. Maji ya kubeba kichwani ni gharama. Na ukijenga, tripu moja ya mchanga kwenye barabara mbovu inaweza kuzidi bei ya mchanga wenyewe. Huko ndiko hela inakokwenda, si kwenye tofali.

Mwalimu Mstaafu:
Umenikumbusha mbali. Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza nililala darasani miezi 5. Madawati 4 nimeyaunganisha, begi ndiyo mto. Alfajiri nayarudisha kwenye mstari kabla watoto hawajafika. Siku moja nikapitiwa, nikaamshwa na darasa zima likisema "Shikamoo mwalimu". Wenzangu 2 waliondoka ndani ya mwaka mmoja, na mshahara haukuwa sababu. Hawakuwa na mlango wa kufunga usiku, basi.

Bwana Nukta:
Hamieni Japani jamani. Utafiti wao wa makazi wa 2023 ulikuta nyumba tupu kama milioni 9, na vijijini nyingine wanakaribia kuzigawa bure. Huku beseni, kule nyumba hazina watu 😂

Mjukuu wa Mkulima:
Zimebaki tupu kwa sababu kazi imehama na watu. Muuguzi kazi anayo, alichokosa ni nyumba. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Karani wa Zamani:
Dada, nimesoma mara 2. Umetaja bati, saruji, msingi, hadi beseni. Kiwanja sijakiona. Ulinunua kwa nani?

Mama wa Zamu:
Kiwanja kipo, hakina shida. Naomba turudi kwenye bati.

Karani wa Zamani:
Mtu akiniambia "hakina shida" bila kumuuliza shida, kalamu yangu huwa inasimama. Kina jina la nani?

Mama wa Zamu:
Ni cha mzee mwenye nyumba ninayopanga. Alisema nijenge upande wa chini kwenye mwembe, tutaelewana mbele ya safari. Ananiita mwanangu, na mimi ndiye ninayempima presha kila wiki. Na tumeandikiana, msidhani mimi ni mjinga.

Karani wa Zamani:
Mmeandikiana wapi?

Mama wa Zamu:
Kwenye daftari lake. Ameweka dole gumba.

Karani wa Zamani:
Shahidi?

Mama wa Zamu:
Mimi na yeye.

Karani wa Zamani:
Sheria za nchi nyingi zinaanzia hapa: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, mpaka mkataba useme vinginevyo. Kwa maana hiyo msingi wako leo ni wa mzee. Kesho akifumba macho ni wa watoto wake, na hilo daftari huenda likawashia moto. Ana watoto?

Mama wa Zamu:
Wako 3, mjini. Hawana mpango na huku.

Fundi Kimya:
Wataupata nyumba ikishaezekwa. Nimejenga mbili za namna hiyo, zote mbili nilirudi kung'oa milango.

Mama wa Zamu:
Mnaongea kana kwamba nilikuwa na njia nyingine. Kuuziwa ardhi ukiwa mgeni ni mlolongo, na benki haikupi mkopo wa nyumba bila hati. Nilikuwa na akiba, mzee akasema jenga, nikajenga. Mngekuwa nyie mngesubiri nini?

Karani wa Zamani:
Ningesubiri karatasi. Usibomoe kitu. Mwombe mzee awaite wanawe siku moja, mpime kile kipande kwa hatua mbele ya uongozi wa kijiji na majirani wa pande zote, muandike kama amekuuzia, amekupa au amekukodisha kwa miaka mingapi. Hayo ni mambo 3 tofauti na "tutaelewana" halimo. Wanawe wasaini pia. Wakikataa leo, umepoteza msingi tu.

Bi Mkubwa Mtandaoni:
Haya yote yanatoka kwa wanawake kujifanya wanajua. Mume yuko wapi? Nyumba inajengwa na watu wawili.

Mwalimu Mstaafu:
Bi Mkubwa, mimi nilijenga na mke wangu, mpaka leo tunagombana dirisha la jikoni lilitakiwa liangalie wapi.

Mpekuzi:
Samahanini, nakatiza kikao. Nimechungulia nyuzi za zamani za huyu "muuguzi". Mwaka jana akaunti hiihii ilikuwa inauza pikipiki, na nanukuu: "Mimi ni baba wa watoto 3, sababu ya kuuza ni kubadilisha kituo cha kazi." Leo ni mama mwenye beseni. Wakuu, tumepigwa. Hii ni hadithi, kesho ataomba mchango wa bati.

Bwana Nukta:
😂😂 Na mimi nilishaanza kumwonea huruma hadi nikapeleleza Japani.

Jicho la Tatu:
Nilijua. Nani anapanga mifuko 45 sakafuni?

Fundi Kimya:
Watu wengi sana. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Mpekuzi:
Ajibu basi. Wewe ni baba au mama?

Mama wa Zamu:
Akaunti niliifungua mimi. Pikipiki aliiuza mume wangu, simu yake ilikuwa imeharibika akatumia yangu. Yeye anafanya kazi mbali, anakuja mwisho wa mwezi. Sijaomba mchango wa mtu na sitaomba. Nimeuliza bati.

Karani wa Zamani:
Na mumeo anasemaje kuhusu hicho kiwanja?

Karani wa Zamani:
Dada?

Mama wa Zamu:
Hajui. Anataka tujenge kwao, siku nzima ya safari kutoka kazini kwangu. Nikamwambia nani atakaa humo, akasema tutakaa tukistaafu. Nina miaka 34. Nilitaka aje akute paa limeshakaa, ndipo tuzungumze.

Bi Mkubwa Mtandaoni:
NILISEMA.

Mjukuu wa Mkulima:
Bi Mkubwa, hukusema hivyo. Ulisema wanawake wanajifanya wanajua. Mimi namwelewa. Nyumba ya kustaafia haizuii mvua ya leo. Ila dada, usimfiche mtu kitu kikubwa kuliko kitanda. Atakiona tu.

Mpekuzi:
Bado siamini. Mke anaficha nyumba, halafu anakuja kuisimulia kwenye akaunti ambayo mume anaijua?

Mama wa Zamu:
Hajaifungua tangu auze pikipiki.

Bwana Nukta:
Neno la siri ulibadilisha?

*(siku 2 baadaye)*

Mama wa Zamu:
Habari zenu. Mimi ndiye muuza pikipiki. Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, nikarudia. Sina la kubishana na mtu. Mama Neema, najua unasoma kwa simu ya kazini: hiyo stoo ufunguo uko kwa nani? Ijumaa nakuja.

Mpekuzi:
Sasa hii ni tamthilia kamili. Anajijibu mwenyewe.

Karani wa Zamani:
Kaka, kama ni kweli, njoo na nakala ya kitambulisho chako. Mzee akikubali kuandika, muandikwe wote wawili.

Fundi Kimya:
Na ukifika, kabla hamjaanza kugombana, mnyanyue ile mifuko muweke mbao chini. Acheni na upenyo wa kiganja kati yake na ukuta.